Gari la Klabu Yetu Livunjike Wapi?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya gari la klabu ya sayansi, lile lililoharibika mbele ya wazazi. Wengi walicheka siku ile, na mpaka leo wako wanaokutana nami njiani kwenda bwaloni wakaanza kunguruma kwa mfano wa gia zinazosagana. Sikasiriki. Mimi nilikuwa mtunza hazina wa klabu, na mimi ndiye niliyeandika orodha ya vipuri vilivyonunuliwa. Lakini mkutano wa kuamua juu ya matengenezo utafanyika Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, nami sitakuwapo, maana sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa tumekwisha ondoka. Nasikia wanachama wengi wamekwisha kata shauri kwamba fedha iliyobaki inunue gia za chuma. Kabla sijafunga sanduku langu nataka kueleza kwa nini naona shauri hilo ni kosa lilelile nililofanya mimi, ila sasa limevishwa chuma.

Kwa ajili ya wazazi, na wale wasio wanachama, yafaa nieleze kwanza gari lenyewe. Huko Marekani kuna mchezo wa magari yaitwayo monsta, yaani pikapu zilizoinuliwa juu ya magurudumu makubwa kupita kiasi. Aliyeupa mchezo huo sifa ni Bob Chandler wa jimbo la Missouri, mwenye pikapu ya Ford ya mwaka 1974 aliyoiita Bigfoot. Mwaka 1981 aliipandisha juu ya magari mabovu mawili shambani akayaponda, na tangu hapo watu hawakutaka tena kutazama kitu kingine. Siku hizi gurudumu la monsta lina kimo cha inchi 66, karibu mita 1.7. Wachache tu wa Kidato cha Kwanza wanaweza kuona upande wa pili wake.

Mwaka 1987 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa mfano mdogo wa gari la namna hiyo, kipimo cha moja kwa kumi, unaoendeshwa kwa redio, jina lake Clod Buster. Ajabu yake ni kwamba halina mota moja katikati kama magari mengine ya mchezo. Lina mota mbili, kila moja imekaa juu ya ekseli yake, mbele na nyuma. Magurudumu yote manne huvuta, na yote manne hupinda. Lilipendwa sana, hata mafundi wasio wa Tamiya wakaanza kutengeneza chasisi zao wenyewe za kulibadili: bapa za alumini mahali pa plastiki, fito za kushikilia ekseli, na nafasi ya shokapu ndefu zaidi. Chasisi ya namna hii aghalabu huuzwa tupu. Mwenye kuinunua hujitafutia mota, gia, magurudumu, sevo (ndiyo ile mota ndogo ya kugeuzia usukani), betri na redio, kila kitu kutoka mahali pake. Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo sisi tulipopotea.

Chasisi yetu ilitoka Dubai, katika sanduku la mjomba wa mwanachama mmoja anayefanya kazi huko. Aliinunua imekwisha tumika, pamoja na ekseli zake mbili. Sisi tulichanga. Wanachama 46 walitoa shilingi 8,000 kila mmoja, na mwalimu wetu wa fizikia akaongeza kitu ambacho hakutaka kiandikwe. Kuna mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyelipa mara nne, elfu mbili mbili, na kila mara alizileta zimekunjwa ndogo kama vocha ya simu. Namtaja kwa sababu yeye hakucheka gari lilipoharibika.

Basi tulichaguaje? Tulikaa kitako tukaanza na mota. Kila aliyesimama alisema habari ya mota. Mota za umbo hili huitwa 540. Zina upana wa milimita 36 na urefu wa kama milimita 50, na hutofautishwa kwa idadi ya mizunguko ya waya iliyosukwa ndani. Mizunguko michache maana yake mwendo mkali na umeme mwingi. Mizunguko mingi maana yake mwendo wa taratibu na umeme kidogo. Muuzaji alikuwa na za mizunguko 35 na za mizunguko 12. Nani katika mkutano wa vijana 46 angenyoosha mkono kuchagua 35? Mimi mwenyewe niliandika 12, mara mbili, moja kwa kila ekseli.

Baada ya mota tukataka magurudumu yanayolingana na sifa ya mota. Kulikuwa na ya kipenyo cha sentimita 14 na ya sentimita 18. Tukachukua makubwa, kwa sababu ni monsta, na monsta ni magurudumu. Hapa naomba wasomaji wa Kidato cha Pili wanivumilie, maana hesabu yenyewe ni yao. Nguvu ikizidishwa kwa umbali wake kutoka katikati ndiyo inayopinda kitu. Gurudumu la sentimita 14 lina nusu kipenyo cha mita 0.07. Ardhi ikilisukuma kwa nguvu ya nyutoni 20, ekseli hupokea mpindo wa 1.4. Gurudumu la sentimita 18 lina nusu kipenyo cha mita 0.09, na kwa nyutoni zilezile 20 ekseli hupokea 1.8. Hatukubadili mota, hatukubadili gia, wala ardhi ya uwanja wetu haikuwa ngumu zaidi kuliko jana. Lakini kila pigo lililotoka chini lilikuwa limekua kwa zaidi ya robo. Kwa upande mwingine, mota ile ile inapovuta, nguvu yake pale tairi linapogusa ardhi hupungua kwa zaidi ya moja ya tano. Kwa hiyo tulilipa fedha zaidi ili gari livute vibaya na kupigwa vibaya. Hesabu hii ilikuwa katika daftari langu la Kidato cha Pili, nami nilipata alama nzuri.

Wazazi waliona yaliyofuata. Gari lilikimbia vizuri, likapanda ubao, likaruka. Lilipokuwa hewani mwendeshaji hakuachia mafuta, nasi hatukumfundisha aachie. Magurudumu yakazunguka ovyo, kisha yakagusa ardhi, na ardhi ikayasimamisha ghafula. Mota hazikusimama. Kitu kati ya mota inayotaka kwenda na gurudumu lililokatazwa kwenda lazima kiamue ugomvi huo, na kwetu kilikuwa gia ya plastiki ndani ya ekseli ya nyuma. Meno sita yaling'oka. Mzee mmoja aliyekaa mbele akauliza, si kwa hasira, "Ndiyo michango yetu hiyo?" Alikuwa na haki ya kuuliza, na makala hii ni sehemu ya jibu langu kwake.

Sasa nasema habari ya chuma. Wenzangu wasema: kilichovunjika ni plastiki, basi tuweke chuma, hakitavunjika tena. Hilo ni kweli kabisa. Gia ya chuma haitavunjika. Walakini lile pigo halikufa. Litapita kwenye gia kama mtu apitavyo mlango ulio wazi, liende kwenye mhimili unaoshika gurudumu. Tukiuimarisha mhimili, litakwenda kwenye ganda la ekseli lenyewe. Kamba hukatikia pabovu, na ukitia fundo hapo itakatikia pabovu pengine. Chandler mwenyewe aliyapata hayo kwa ukubwa wake. Alipotia matairi makubwa ekseli zikavunjika. Akatia ekseli nzito zaidi, mpaka mwisho akafika kwenye zile za magari makubwa ya jeshi. Lakini yeye alikuwa na karakana yake na duka lake la vipuri. Sisi tuna kabati moja katika maabara, nayo haifungi vizuri.

Katika nyumba zetu nyingi plagi ina fyuzi ndani yake. Fyuzi ni kipande cha waya dhaifu kilichowekwa makusudi, ili umeme ukizidi kikatike chenyewe kabla ya kitu kingine. Sote twamjua mtu ambaye fyuzi yake ikikatika mara mbili huondoa fyuzi akaweka kipande cha msumari. Redio yake hulia siku hiyo bila matata. Gia ya chuma katika gari letu ni msumari wa namna hiyo.

Maoni yangu basi ni haya. Kuchagua vipuri vya chasisi ya namna hii ni kuchagua mahali gari litakapovunjika. Kitu chochote kinachorushwa hewani na kuanguka kitavunjika siku moja. Swali ni kama kitavunjika mahali tulipopachagua au mahali palipotuchagua sisi. Tena mahali petu si lazima pawe mahali pa kijana wa Marekani. Yeye akivunja gia huagiza, nayo humfikia baada ya siku chache. Sisi gia ile ya plastiki tuliingoja wiki saba, na ada ya kuileta ilizidi bei yake. Kwa hiyo kipuri kizuri kwetu ni kile tunachoweza kukibadili Jumamosi mchana, kwa bisibisi yetu, kwa fedha iliyomo ndani ya kopo. Kama kipuri kinasifiwa dunia nzima, lakini kikivunjika gari linalala muhula mzima, hicho kwetu ni kipuri kibaya.

Kwa mfano, tazama fito zinazoshika ekseli. Ncha zake zaweza kuwa za alumini, zinazong'aa, au za plastiki nyeusi zisizopendeza. Tulichagua za alumini, na mwenzetu mmoja alizisugua kwa majivu zikameremeta kama sufuria za mama yake. Nasema zing'olewe. Plastiki nzuri hupinda ikarudi. Alumini hupinda ikabaki imepinda, au haipindi kabisa ikalipeleka pigo kwenye ganda la ekseli, na ganda la ekseli hatulipati. Ncha za plastiki huuzwa kwa pakiti, bei yake ni ndogo, na hata kidole kizito kama changu chaweza kuibadili moja kwa dakika tano. Hizo ziwe fyuzi ya kwanza.

Fyuzi ya pili iwe katika usukani. Magurudumu makubwa yakigonga jiwe kwa ubavu, pigo hurudi moja kwa moja kwenye meno madogo ya sevo. Kuna kifaa chenye springi kinachokaa kati ya sevo na fito za usukani. Pigo likiwa kubwa springi hulegea, kisha hurudi mahali pake. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya sevo. Hatukukinunua kwa sababu hakuna aliyekisikia, nami sikuuliza. Tulinunua badala yake sevo yenye nguvu ya kilo 20, yaani yenye kuweza kuinua kilo 20 kwa mkono wa sentimita moja, tukadhani nguvu itatosha. Hiyo ikatuletea ugonjwa mwingine. Sevo kubwa ikikazana hunywa umeme mwingi, na yetu ilikuwa ikinywa kutoka kwenye tundu dogo la kile kidhibiti cha mota, ambacho hakikuandaliwa kwa kiu hiyo. Volti zikaanguka, kipokezi cha redio kikazimika nukta moja, na gari likapoteza akili. Jumanne moja lilimfukuza mpishi mpaka mlangoni mwa jiko. Dawa ni kifaa kidogo cha kushusha volti za betri mpaka 6, kiwe cha sevo peke yake, pamoja na kuiweka redio hivi kwamba mawimbi yakikatika gari lisimame. Hilo la mwisho halina gharama. Ni kusoma kijitabu tu.

Kwa gia za ndani, ambazo haziwezi kubadilishwa bila kufumua ekseli nzima, sitaki fyuzi. Nataka zisipate pigo. Mota za mizunguko 12 ziondolewe, ziwekwe za 35, na gia ndogo inayokaa kwenye mota iwe yenye meno machache kadiri inavyowezekana. Magurudumu yarudi kuwa ya sentimita 14. Mota za sasa ziuzwe. Kuna kijana mmoja mjini mwenye mashua ya mfano ambaye amekwisha ziulizia, na mashua haina meno ya kung'oka. Gari litakwenda taratibu zaidi. Najua. Mwenyekiti wetu husema kwamba watazamaji huja kuona kasi na kuruka, na kwamba gari la taratibu halitamleta mwanachama mpya hata mmoja. Sina jibu zuri la neno hilo, maana mimi mwenyewe niliingia klabu kwa sababu ya picha ya gari likiwa hewani. Lakini naona gari linalopanda ngazi za bwalo polepole, gurudumu moja moja, huku ekseli zikijipinda kila moja upande wake, nalo ni la kutazamwa. Tulilijaribu hivyo usiku mmoja kwa betri iliyokaribia kwisha, na hakuna aliyekwenda kulala mpaka lilipofika ngazi ya juu.

Juu ya betri nitasema maneno machache lakini yachukuliwe kwa uzito. Wako wanaotaka betri ya lithiamu ya seli mbili, ya volti 7.4, kwa kuwa ni nyepesi na ina nguvu. Sifa hizo ni za kweli. Lakini betri hiyo haitaki kila seli yake ishuke chini ya volti 3 wala ipite 4.2, yataka chaja yake maalumu, na haiachwi peke yake inapochajiwa, kwa maana ikikosewa huvimba na huweza kushika moto. Nasikia pia kwamba wako wanaotaka kuichaji bwenini usiku, chini ya kitanda, ili iwe tayari asubuhi. Katika chumba chetu tunalala vijana 24 na magodoro ya sponji 24. Betri yetu ya sasa ya seli sita za volti 1.2 ni nzito na hupunguza kasi, nayo ibaki; hata hiyo ichajiwe maabara mbele ya mtu.

Nimekwisha fanya hesabu. Katika kopo mna shilingi 71,000. Gia za chuma kwa ekseli zote mbili zingeimaliza yote, na mimi ningekuwa nimewaachia kopo tupu na gari linalongoja kuvunjika pagumu. Ncha za plastiki, kile kifaa cha springi cha sevo, kile cha kushusha volti, na gia mbili za plastiki za akiba vyaingia ndani ya fedha hiyo, na bei za mota na magurudumu yatakayouzwa zingenunua zile za 35 na magurudumu madogo. Kama kitabaki kitu, zinunuliwe beringi, mahali pa zile bushi za plastiki zilizolika katika ekseli; ila kila mmoja apime kwanza kwa vernia, tundu, upana wa nje na unene, ndipo aende dukani. Safari iliyopita mimi nilikadiria kwa macho, na beringi hizo nane zimo bado katika kabati, hazimfai mtu.

Mzee yule aliyeuliza juu ya michango naomba asomewe makala hii na mwanawe wakati wa likizo. Fedha yake ilinunua somo la nguvu na umbali, nami nakiri kwamba lingeweza kununuliwa kwa bei ndogo zaidi.

Ufunguo wa kabati nimempa yule wa Kidato cha Kwanza aliyelipa mara nne. Gia iliyovunjika, pamoja na meno yake matano tuliyoyaona kwenye nyasi, iko katika droo ya kwanza ya meza ya maabara ya fizikia, imefungwa ndani ya karatasi ya mtihani. Atakayesimama Jumamosi ile kutetea chuma na aitoe kwanza aipitishe mkononi kwa wanachama wote.

Mimi wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
aliyekuwa Mtunza Hazina wa Klabu ya Sayansi